Neno Moja Lililobaki kwa Baba

Salalah

Kaka Masanja,

Mwangaluka, na shikamoo. Habari za hapo Migato, pamba imeshikaje, ng'ombe wanapata maji? Mimi mwili ni mzima, ila tangu unipigie juzi chakula hakishuki, kwa hasira.

Ulisema tangu baba aanguke ana neno moja tu, "Minza". Mkimpa uji, Minza. Mkimgeuza, Minza. Basi mkakaa kikao, baba mkubwa akasema mgonjwa amemtaja mchawi wake, na mama mdogo Minza, mke wa baba, akafukuzwa akiwa na kanga aliyovaa tu. Na wewe ulikuwepo, ukanyamaza. Sikufichi kaka, umeniudhi.

Sikiliza. Bibi ninayemhudumia huku ng'ambo alipata kiharusi kama baba, mkono na mguu wa kulia vikafa vilevile. Amebaki na neno moja, "mkate". Akitaka maji, mkate. Akitaka dirisha lifunguliwe, mkate. Hakuna aliyekwenda kumfukuza mwoka mikate. Anayemfanyisha mazoezi alinionyesha ubongo wa plastiki unaofunguka vipande. Upande wa kushoto ndio unaoamrisha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi maneno hutengenezwa hukohuko kushoto, kwa mbele. Damu isipofika pale, maneno yanakwama. Kuelewa kuna sehemu yake, nyuma zaidi, na yaweza kubaki nzima. Bibi huyu ukimwambia inua mguu, anainua. Hata nyimbo za utotoni anaimba, maana kuimba hutumia zaidi upande wa kulia.

Kwa hiyo baba aliwasikia. Mlimsema mkewe mbele yake kama mko mbele ya gogo, machozi yakamtoka, nawe unaniambia ni dalili ya kulogwa. Jamani kaka, na sayansi ulisoma mpaka kidato cha nne.

Kwa nini limebaki jina hilo, hata wataalamu hawajui vizuri. Ila mimi najua nani alikuwa akiitwa kutwa nzima pale nyumbani. Minza, maji ya kuoga. Minza, ndama wamefungwa?

Nenda Sola kwa ndugu zake mama mdogo ukamwombe radhi arudi, wewe mwenyewe, usitume mtu. Halafu mrudishe baba hospitali Bariadi, dawa za mganga basi.

Nisalimie wifi na watoto. Baba mkubwa sina salamu zake kwa leo. Baba mshike mkono wa kushoto, mwambie Holo anakuamkia. Atakujibu Minza. Safari hii, mwitie.

Mdogo wako,
Holo