Msumari wa Siku ya Saba

Rafiki yangu Kathurima, sikuwa na digrii, wala maabara, wala subira.

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima! Kwenye sakafu ya tangi la maji la kanisa niliondoa robo ya saruji, nikatia majivu ya maganda ya mpunga kutoka kiwanda cha kukoboa mpunga, ili saruji itumike kidogo na matanuri yanayoichoma yapunguze moshi. Siku ya saba nikaita watu. Nikapigilia msumari mwenyewe, waone sakafu ilivyokaza.

Ukazama! Ukazama, Kathurima!

Gicheru, mwenyekiti wa kanisa, akauliza, "Jamleck, hii ni simiti ama ugali?" Kesho wanaibomoa.

Nilisoma mwenyewe kwamba majivu hukaza polepole. Baridi ya hapa Giakanja, inayozidi kuyachelewesha, nikaisahau.

Nimemwandikia Gicheru: "Kosa ni haraka yangu. Ngojeni wiki tatu. Ikishindwa, nitaibomoa mimi." Bahasha yake nimeifunga, na mke wangu ameshaondoka nayo.