Kilo Moja ya Dengu

Jumanne, 4 Novemba
Nimezoea barua tu, si shajara, basi nianze kwa salamu. Salamu Nilay mwanangu, unayesoma umelala kifudifudi. Salamu mama mkwe Saniye, kwenye kiti chako cha dirishani. Mimi hali yangu si njema. Nilay atapanda ile treni ya bustani ya michezo, inayopinduka miguu juu. Kazi ya chuo. Atashika mizani ya ndoano yenye kilo moja ya dengu, mwenzake Pelin asome namba. Wameruhusiwa Jumamosi, kabla ya wateja.

Alhamisi, 6 Novemba
Anasema treni ikifika bondeni dengu zitakuwa kilo tatu. Ikivuka kilima, sifuri. Nikamuuliza, na wewe je? Na mimi vilevile, mama, ila ni uzito wa kuhisi tu, mwili ni uleule.
Miaka ishirini namlisha apate uzito, leo anaifuata sifuri mwenyewe.
Mama mkwe akasema huyo hata sasa ni sifuri, muongezee wali.

Ijumaa, 7 Novemba
Sinia langu la chai, lile la kuning'inia kwa minyororo mitatu — marehemu mume wangu alikuwa akilizungusha juu ya kichwa sokoni, tone halimwagiki. Mimi sijawahi. Leo nimejaribu uani. Nilipozungusha kwa nguvu, kweli, chai ilikaa glasini kama imebanwa. Nikaogopa, mkono ukalegea. Glasi nne chini, chai begani.
Nikampigia Nilay. Je, treni ikilegea? Akacheka. Treni haina mkono wa kuogopa, mama, kasi inaipata mteremkoni, na mapajani kuna chuma cha kutushikilia. Halafu akasema: Pelin amejitoa, mama yake kakataa. Bila mtu wa pili haruhusiwi, na kazi inatakiwa Jumatatu.
Moyo wangu ulifurahi. Naandika kwa aibu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nipo benchini, pale pa kupandia. Treni tupu imezunguka mara moja, imerudi salama.
Nilay alimsihi fundi wa treni. Fundi akasema wawili au hakuna, binti. Nilay hakuniomba. Hata hakunitazama, alianza kufungua fundo la mfuko wa dengu. Nikasikia mdomo wangu unasema namba nazijua.
Fundi akasema, shangazi, utapiga kelele. Nikasema kelele nitapiga, namba nitasoma.
Miwani nimeifunga kwa kamba. Dengu nimezirudishia fundo, mara tatu. Mizani inasema kilo moja kamili. Nilay ameshakaa, anapigapiga kiti cha pembeni yake, anasema mama, weka kalamu