Jino la Nyangumi Kiwandani

Jumatatu, 4 Machi
Wamenichagua! Kura thelathini na moja. Mimi, ninayesinzia nikisafisha jodari, ndiye mwakilishi wa wafanyakazi. Makereta, jirani yangu wa mezani, kanitania kutwa: eti mheshimiwa, ukianza kuota mkutanoni tukumwagie maji? Kweli naota. Mvuke ukitanda, kiwanda kinayeyuka, nabaki peke yangu na samaki, mikono inafanya kazi yenyewe. Mji wote wa Savusavu uko mbali. Leo nimeota nina ofisi, na kiti kinachozunguka.

Jumatano, 6 Machi
Litia, mwenzetu wa jikoni, kaungua. Mlango wa jiko la mvuke ulifunguka wenyewe — komeo limelegea tangu Krismasi, kila mtu anajua. Mkono wa kulia, hadi kwenye kiwiko. Nilimshika begani tukingoja gari. Akawa ananiomba msamaha! Eti nimekuchafulia aproni, dada.

Mchana wakafunga komeo kwa waya. Waya! Jiko likaendelea.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempa meneja barua: komeo jipya, la sivyo namwita mkaguzi wa serikali kutoka mjini Labasa. Bwana Apenisa akatabasamu, akauliza hali ya mama. Ni mtu wa kijijini kwetu, ukoo wa chifu. Mbele yake hata nikisimama najiona nimeketi. Akasema ya nini kukimbilia serikalini, haya tutayamaliza kwa mila.

Nimetoka kama naelea. Nadhani nimeshinda.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne asubuhi. Naandikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Bwana Apenisa amekuja na tabua. Jino la nyangumi, kubwa, la manjano, kamba yake imesukwa. Wametandika mkeka kwenye njia ya matoroli. Wazee wawili, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha heshima. Anaomba radhi kwa mkono wa Litia, na mimi mwakilishi ndiye wa kulipokea. Nikilipokea, yamezikwa: hakuna barua, hakuna mkaguzi, na atakayeyafufua ni mtovu wa adabu. Nikilikataa — nani kwetu amewahi kukataa? Mama atapitaje kanisani? Naogopa. Naogopa kweli.

Makereta kaninong'oneza: pokea, shoga, wakifunga hapa tutakula nini?

Litia naye yupo, bandeji hadi kwenye kiwiko. Nikamtazama anisaidie. Hakuliangalia jino. Aliangalia jikoni. Kwenye nafasi yake wamemweka dada yake, na waya ni uleule.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Sikwenda. Nilipita kwenye swichi nyekundu ya kuzimia mitambo yote — sheria inampa mwakilishi ruhusa hiyo — nikaizima.

Kimya! Sijawahi kukisikia kiwanda hiki kikiwa kimya.

Wananiita. Nachungulia mlangoni: Bwana Apenisa bado amepiga magoti, jino kalishika kwa mikono miwili. Kimila hawezi kuliweka chini kabla sijajibu. Acha angoje; komeo jipya kwanza.