Mawe ya Shimo la Mbwa Mwitu

Kijiji cha Tsarmo,
Ladakh.
14 Machi

Mpendwa Kaka Namgail,

Habari za Delhi? Shemeji Spalzes hajambo? Na kile kikohozi chako cha moshi wa mjini, kimekuachia? Sisi tu wazima. Mama bado anasukasuka chai ya siagi mwenyewe na kumfukuza kila anayetaka kumsaidia.

Kaka, nina aibu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana.

Unalikumbuka shimo la mbwa mwitu kule juu, lile walilotegea babu zetu? Hifadhi ilipoanzishwa tulikula kiapo mbele ya lama wa hekalu letu kwamba hatutaua tena. Wewe mwenyewe ulibeba mawe, tukapanga ngazi humo ndani ili mnyama akitumbukia apande atoke.

Kabla ya theluji ukuta wa zizi letu ulibomoka. Nikaona uvivu kwenda kutafuta mawe mtoni, nikachukua yale ya ngazi. Nilijiambia nitayarudisha. Mimi, mlinzi wa hifadhi, na koti la serikali mwilini!

Mwezi uliopita akatumbukia chui wa theluji. Nilimkuta mimi, amekufa kwa njaa, kucha zimekatika kwa kuparua ukuta. Nililia, Kaka, na bado nikanyamaza.

Lawama zikamwangukia Babu Tundup, kwa kuwa mwaka juzi chui walimlia mbuzi tisa naye akaapa hadharani kulipiza. Wanaona yeye ndiye aliyeitoa ngazi. Kule mtoni wanawake walimwuliza, "Babu, kile kiapo ulikinywa na supu?" Siku hizi hakuna anayemkaribisha chai.

Jana nilimfuata. Nikaanza na habari ya kubomoa zizi ili mawe yake yajenge upya ngazi ya shimoni, nikikusudia kumwambia na yaliyobaki. Hakuningoja. Akanishika mikono yote miwili.

"Mjukuu wangu, zizi lako ulibomoe kwa ajili ya jina langu? Basi kesho asubuhi nakuja na punda wangu."

Nikaitikia, nikaenda zangu.

Leo, kabla hatujapakia jiwe la kwanza, nitamwambia, kisha nitawaambia wote, Mama akiwapo. Koti huenda wakanivua. Usinitetee, Kaka. Nimetaka tu ulisikie kwangu kwanza.

Nisalimie Shemeji, na mwanao Jigmet umbusu paji la uso. Mwenye Huruma awafunike nyote huko mliko.

Namsikia punda uani, na Babu ananiita kwa furaha. Natoka.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hastahili,
Morup