Swali Lako Kuhusu Maji

Waithaka, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukaidi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imenivisha sweta mbili. Ningepiga simu, lakini nataka uwe na karatasi ya kumwonyesha Shangazi Nekesa, aliyesema nimeacha ualimu nije kucheza na kompyuta.

Unakumbuka nilivyokupigia nikilia? Kazi yangu chuoni ni kuigiza kwa kompyuta kinachotokea mwanga unapoipiga molekuli ya rangi. Hujipinda na kutulia upesi mno, hata kupepesa jicho ni uvivu mbele yake. Maabara moja ya ng'ambo huipima kwa leza, mimi hukokotoa, kisha tunalinganisha mistari yetu miwili ya grafu. Wangu ulikataa kulingana na wao kwa miezi. Msimamizi wangu, Daktari Barasa, alikuwa amenipa hadi Ijumaa; baada ya hapo ningebadilisha mada, na miaka miwili iende bure.

Nawe, badala ya kunibembeleza, ukauliza, "Hiyo rangi umeitia kwa maji gani?" Ukasema katani yako ya vikapu hutoka nyekundu kwa maji ya mvua, na kwa maji ya kisima hufifia. Nikaona aibu. Mwanzoni niliiacha molekuli kavu ili kompyuta isilemewe, nikasahau kurudisha maji, ilhali wenzetu wa ng'ambo waliipima ikiwa majini. Mimi, niliyekuchotea maji hayo tangu darasa la pili!

Nikayarudisha. Kompyuta ikahesabu siku tatu, na Alhamisi mistari ikalaliana. Mama, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ijumaa Daktari aliitazama sana. "Nani alikuonyesha hii kitu?"

"Ni mum. Yeye hupika rangi ya vikapu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Nimekutumia nakala ya mchoro. Mwekundu ni mstari wao, wa bluu ni wangu. Msalimie Baba, umwambie asiukunje. Msalimie kaka Wafula na mkewe, na Shangazi umsomee polepole.

Kazi hii itachapishwa, na mwishoni kuna sehemu ya shukrani. Daktari aliniuliza kando ya jina lako aandike nini. Nikamwambia, "Mtaalamu wa rangi." Akaandika hivyo hivyo.

Ni mimi binti yako, ninayejivunia kuwa wako,
Nafula