Viatu vya Namugongo

Jumanne, mwisho wa Mei

Viatu Mama amempa mtu. Vile vya raba nilivyomnunulia soko la Tororo, atembee navyo hadi Namugongo kwenye hija ya mashahidi ya kila Juni. Miaka mitano ndani ya boksi, havijakanyaga vumbi.

Kila mwaka mahujaji wakipita hapa kwetu Busia, Mama huwapa maji ya kunywa na kuwaambia, "Mwakani tuko pamoja." Leo alimwona mwanamke mmoja kutoka upande wa Kenya, soli ya kiatu imeachia. Akaingia ndani, akatoka na boksi.

"Chukua, mwanangu. Mimi nakwenda wapi na magoti haya?"

Nilikasirika, nakiri. Kisha nikaogopa, maana kundi zima liliondoka na ile "mwakani" hakuitamka.

Mwaka juzi magoti yalikuwa bado yanaweza. Ni mimi niliyesema tungoje kwanza nipate likizo.

Jioni nikamwambia twende na basi, Mungu haangalii miguu. Akacheka kidogo tu. Nikafungua sanduku kuangalia ile gomesi mpya, gauni la heshima aliloshonesha kwa safari hiyo, kama wadudu hawajaila. Akasema, bila hata kunigeukia:

"Gomesi usimpe mtu. Hiyo mtanivalisha."

Nilitaka kumuuliza anaumwa wapi, tangu lini, kwa nini hajasema. Nikakunja gomesi, nikairudisha.

Sasa amelala chumba cha pili. Naandika mstari mmoja, naweka kalamu, nasikiliza kama anapumua.