Nitakaposema Huna Akili

Kwako kitindamimba wangu,

Naomba baridi ya sakafu ya mahabusu isikuingie kifuani. Mimi mzima, mguu tu ndio unanisumbua. Kuku wako mwekundu ameangua, na baba yako bado anabishana na redio.

Wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza walikuja kutupa pole. Nikawauliza, "Kwani alisema nini hasa?" Wakasema uliandika ubaoni kwamba kila anayechukua kisicho chake ni mwizi, na kwamba mkuu wa nchi amechukua ardhi isiyo yake. Kisha ukaweka chaki chini ukawaambia, "Malizieni wenyewe." Darasa zima likamalizia kwa sauti. Baba yako alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akalia kweli.

Wakili, huyu anayekuletea barua, anataka kesho niape mahakamani kwamba tangu utotoni akili zako si timamu. Mgonjwa atapelekwa hospitali, mzima atafungwa maisha. Nikamwambia, "Mwanangu huyo anafundisha watu kufikiri!" Akanijibu, "Mama, unamtaka mwenye akili au unamtaka hai?"

Nakutaka hai.

Kwa hiyo kesho usiniangalie usoni. Kumbuka ulivyonifundisha jikoni nikimenya viazi, kwamba neno likianzia kwenye uongo, mwisho wake usiuamini. Kesho nitaanza na uongo, mwanangu. Malizia mwenyewe.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na akili zako zote.